Makopo ya Ensio Shimoni

Raimo Kinnunen alipiga simu Alhamisi moja ya Novemba, wakati wa kahawa ya alasiri, kuomba ruhusa ya kumpiga marehemu.

Hakuanza hivyo. Alianza na barabara, kwamba imeganda kuanzia darajani mpaka kanisani. Akaja kwenye mguu wake, kwamba unauma kila baridi ikizidi. Hilkka alimwacha azunguke. Alimjua tangu utotoni, na alijua kuwa Raimo akianza na mguu wake basi kuna neno limemkwama kooni.

"Hilkka," Raimo alisema mwishowe, "wewe ndiye mtu wa karibu wa Ensio. Sitaki kufanya jambo bila kukuuliza."

"Jambo gani?"

"Ensio bado anatembea mle ndani."

Hilkka alikuwa na unga wa shayiri mikononi, anakanda mkate bapa. Aliibana simu kwa bega. "Ndani wapi?"

"Shimoni. Kwenye mchezo wetu wa kompyuta. Jana nimeshuka, mara ya kwanza tangu mazishi, nikamkuta. Ana jina lake kabisa. Nikisogea, ananifuata. Angekuwa mtu mwingine ningempiga nikapita, ndivyo mchezo unavyotaka. Lakini huyu ni Ensio. Siwezi kumpiga Ensio na watu wa kwao hawana habari."

Hilkka alitazama dirishani, ambako giza lilikuwa limeshaanza kushuka juu ya mashamba.

"Na kuna jingine," Raimo alisema, sauti ikipungua. "Kompyuta huandika sababu ya kifo. Imeandika alikufa kwa njaa. Lakini nilivyochungulia kwa mbali, makopo yamemzunguka pande zote. Mazima, Hilkka. Hayakufunguliwa."

Hilkka alivuta kiti akakaa.

Ensio alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya Perälä, na Hilkka ndiye aliyemfuata kwa juu. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya waumini, hakuna televisheni, na redio ilifunguliwa kwa ibada na habari za hali ya hewa tu. Jumamosi na Jumapili walikwenda nyumba ya sala, watoto wote wamepangwa benchi moja kwa urefu, Ensio mwishoni akining'iniza miguu. Akakua, akaingia kiwanda cha mbao, akasimama kwenye msumeno mkubwa miaka mingi mpaka sikio moja likafa. Hakuoa. Alinunua kibanda cha ukingo wa msitu, akawa anaishi humo na jiko lake la kuni na viatu vyake vimepangwa mlangoni kama vya familia nzima.

Hakugombana na waumini. Aliacha kuja, basi. Jumapili moja hakuja, ya pili hakuja, na watu walipomuuliza alisema, "Sisikii vizuri siku hizi," na hakuna aliyejua kama anasema habari ya sikio.

Lakini kila msimu wa kuwinda ulipokwisha, kijiji kizima kilimhitaji Ensio. Wawindaji wakishaangusha hirvi, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, nyama iligawiwa kwa nyumba zote, na kila nyumba ilileta fungu lake kwenye banda la wawindaji kusindikwa. Hapo ndipo palipokuwa na mashine ya kufungia makopo, chuma kizito chenye mkono wa kuzungusha, mali ya kijiji tangu enzi za babu zao. Ensio ndiye aliyekuwa mwangalizi wake. Unampa kopo lenye nyama, chumvi na mafuta kidogo. Anaweka kifuniko, anazungusha, ukingo unajikunja na kukaza. Kisha makopo ya watu wote yanachemka pamoja kwenye pipa moja kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Na kwa kuwa yalichemka pamoja, kila kifuniko kilichorwa jina kwa ncha ya msumari kabla ya kuingia pipani. Hilo halikuwa jambo la mzaha kijijini kwao. Kopo lenye jina la mtu halikufunguliwa na mwingine, hata mwenyewe awe amehamia Uswidi, hata awe amekufa. Bwana mmoja wa ng'ambo ya mto aliwahi kufungua kopo la jirani yake akisema alikosea rafu, na mpaka anazeeka watoto walikuwa wakimwita Kopo.

Chumba cha nyuma cha banda hilo ndimo Ensio na Raimo walimoweka kompyuta yao. Ilitupwa na ofisi ya kiwanda, Raimo aliyekuwa fundi umeme akaiokota. Humo mlikuwa na mchezo wa zamani usio na picha, herufi tu na nukta kwenye kioo cheusi. Unashuka chini ya ardhi, ghorofa baada ya ghorofa, unapambana na wanyama na mashetani, unatafuta hazina ambayo Raimo aliapa haipo. Maneno yake yalikuwa ya kigeni, basi wale wawili wakakaa majira ya baridi kadhaa wakiyageuza yote kuwa lugha ya kijijini kwao, ile ya mama zao. Wakauita Shimo.

Hilkka aliwahi kupita siku moja kuleta jibini, akasimama mlangoni kuwatazama.

"Mnashuka kuzimu kwa kupenda?" aliuliza.

"Kuna joto kuliko humu bandani," Ensio alijibu bila kugeuka.

Katika Shimo mlikuwa na chombo ambacho wachezaji wote walikidharau, nacho ni mashine ya kufungia makopo. Ukiua mnyama, nyama yake inaoza upesi, na mtu anayekula mzoga uliooza anakufa. Ukiwa na mashine hiyo unaweza kuifunga nyama koponi ikakaa milele. Ila ni nzito, na kufunga kopo kunachukua muda, na kulifungua kunachukua muda zaidi, na maadui hawangoji. Ensio akiipata alikuwa kama aliyeokota dhahabu.

"Watu wanashuka na upanga," Raimo alimcheka kila mara. "Wewe unashuka na jiko."

"Upanga utaula?"

"Nitakula maiti ya adui yangu, ikiwa ya moto."

"Ndiyo maana hujawahi kuvuka ghorofa ya mashetani wadogo. Unakufa kwa kuhara."

Na mchezo ule uliruhusu mtu kuandika neno juu ya kitu chake chochote. Ensio alichora majina kwenye makopo ya Shimoni vile vile alivyochora kwenye makopo ya bandani.

Ugonjwa ulimkuta majira ya kuchipua. Madaktari wa mjini walisema kongosho, wakasema na muda, na muda haukuwa mrefu. Alirudi kibandani kwake akakataa kuhamia kwa dada yake. Kwa hiyo Hilkka akawa anampelekea chakula: supu ya samaki, viazi na mchuzi wa hirvi, uji wa wali na maziwa siku mbaya. Na kila mara alikuta chombo cha jana kimewekwa kizingitini, kimefunikwa vizuri, chakula kimejaa kama alivyokileta. Alikuwa anaingia ndani na kumkuta Ensio amelala kando ya ukuta, mifupa na macho tu.

"Kwa nini huli, Ensio?"

"Nitakula."

Alifariki Agosti. Kwenye kahawa ya matanga, Elli, mke wa mzee wa nyumba ya sala, aliegemea meza akamwambia Hilkka kwa upole kabisa, kama anavyompa mtu sukari, "Nasikia alijinyima mwenyewe mwishoni."

Tangu siku hiyo Hilkka hakulala vizuri. Kwao jambo hilo lilikuwa wazi na halikuhitaji kufafanuliwa. Mgonjwa anaweza kufa na Mungu akampokea. Lakini anayekataa chakula makusudi ameirudisha zawadi ya uhai mikononi mwa aliyempa, na Hilkka hakujua kama mtu wa namna hiyo anapokelewa. Hakuweza kumuuliza mhubiri, kwa sababu aliogopa mhubiri angejibu. Aliomba kila asubuhi, na kila asubuhi aliona vile vyombo kizingitini. Na sasa Raimo anamwambia kwamba hata mle ndani ya mchezo Ensio alikufa kwa njaa, katikati ya chakula.

"Usimpige," alimwambia Raimo kwenye simu. "Kesho nakuja. Nataka kumwona."

Banda la wawindaji lilikuwa baridi kuliko nje. Vyuma vya kutundikia nyama vilining'inia darini, vimesuguliwa safi, na mashine ya makopo ilikaa juu ya meza yake imefunikwa shuka. Msimu huu ilikuwa haijatumika, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuizungusha. Hilkka aliipita bila kuigusa.

Katika chumba cha nyuma Raimo alikuwa amewasha jiko dogo la umeme la kuleta joto na kumimina kahawa kwenye vikombe viwili. Kompyuta ilivuma kama mtu anayepumulia mdomo. Mbele yake palikuwa na viti viwili, na Raimo alikuwa amekaa kile cha kushoto. Hilkka alielewa kuwa cha kulia kilikuwa cha nani, akabaki amesimama kidogo.

"Kaa tu, mama," Raimo alisema. "Kiti hakina kosa."

Akakaa.

"Nimekuandikia jina lako," Raimo alisema, "na nimekushusha mpaka karibu naye, usihangaike na mapanya. Hii alama hapa ndiyo wewe. Vishale hivi ndiyo miguu yako. Na kila herufi kwenye kibao ni amri, kwa hiyo usiguseguse ovyo."

"Yeye yuko wapi?"

"Subiri. Kwanza nikueleze. Mle ndani, mtu akifa, kompyuta mara nyingine inaihifadhi ile ghorofa kama ilivyo. Mwili wake, vitu vyake, kila kitu pale kilipokuwa. Atakayeshuka baadaye anakikuta. Na inamwacha yeye mwenyewe anazunguka. Haongei, na wala hana haraka. Na saa hazitembei mle ndani ukikaa kimya. Ukipiga hatua, naye anapiga hatua. Usipogusa kitu, naye amesimama pale pale mpaka mwisho wa dunia."

"Ninyi ndio mliotunga hayo?"

"Tulikuta hivyo. Sisi tuligeuza maneno tu."

Hilkka alitazama kioo. Kulikuwa na chumba cha nukta, safu juu ya safu, kimezungukwa na mistari ya kuta.

"Nukta ni sakafu," Raimo alisema. "Sasa tafuta mahali pasipo na nukta."

Ilimchukua muda. Kisha akaona, upande wa mbali wa chumba, kati ya nukta na nukta, nafasi nyeusi ya upana wa herufi moja.

"Pale hakuna kitu," alisema.

"Ndiye huyo."

Hilkka alibonyeza kishale. Alama yake ilisogea, na ile nafasi nayo ikasogea. Nukta iliyokuwa imefunikwa ikarudi, na nyingine karibu zaidi ikatoweka. Alibonyeza tena. Ikaja tena. Chini ya kioo pakatokea mstari wa maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya kijijini kwao, kwa lafudhi ile ile ya Ensio ya kukata mwisho wa neno: *Kuna ubaridi nyuma ya shingo yako, Hilkka.*

Aliondoa mkono kwenye kibao kama aliyegusa jiko.

"Aliandika hayo mwenyewe," Raimo alisema upesi. "Zamani. Jina linajiweka lenyewe, ni lako kwa sababu wewe ndiye uliyeingia. Mimi nami iliniambia hivyo hivyo."

"Na wewe ulifanyaje?"

"Nilikwenda kuangalia ng'ombe," alisema Raimo, ambaye hakuwa na ng'ombe.

Hilkka alitabasamu kidogo, mara ya kwanza siku hiyo, akarudisha mkono. Raimo alimwelekeza kwa kidole: kushoto, kushoto, sasa chini, pita hapo. Ile nafasi tupu ilimfuata pembeni, pole pole, ikikata chumba kwa mshazari. Hilkka alifika kwenye alama ya mwili, na pembeni ya mwili alama ya mashine ya makopo.

"Chukua mashine," Raimo alisema. "Ilikuwa yake. Mimi nisingeichukua, lakini wewe ni wa damu."

Akaichukua. Maneno yakasema mzigo wake sasa ni mzito na anatembea kwa shida. Kisha Raimo akamwonyesha jinsi ya kutazama makopo yaliyoenea kuuzunguka mwili, moja moja, na chini ya kioo majina yakaanza kutokea.

Kopo la nyama ya nguruwe wa pangoni. *Elli.*

Kopo la nyama ya chatu. *Taimi wa dukani.*

"Chatu kwa Taimi," Raimo alisema. "Alimjua."

Kopo la nyama ya fahali mweusi. *Raimo.*

Raimo alichukua kikombe chake cha kahawa, akakuta kimeisha, akakirudisha mezani taratibu.

Na lililofuata, nyama ya ndege wa maji ya chini, lilikuwa na jina la Hilkka.

Alilisoma. Kisha akaendelea, akitazama yaliyobaki yote mpaka yakaisha, na kila moja lilikuwa la mtu: mhubiri, muuguzi wa zahanati, mjane wa darajani, hata yule bwana aliyeitwa Kopo.

"Lake liko wapi?" Hilkka aliuliza.

"Lake?"

"Ensio. Jina la Ensio silioni."

Raimo aliegemea mbele, miwani karibu iguse kioo. "Hapana," alisema. "Halipo."

"Kwa hiyo alimfungia kila mtu chakula," Hilkka alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "mpaka Elli, mpaka na chatu kwa Taimi. Na yeye hakujiwekea hata moja. Raimo, mtu asiyejiwekea hata moja alikuwa amepanga nini?"

"Hilkka."

"Alipanga asile. Mle ndani alipanga, na kule kibandani akafanya."

"Sijui," Raimo alisema. "Mungu anajua, mimi sijui."

Hilkka aliangalia chini. Aliporudisha macho kwenye kioo, nafasi tupu ilikuwa imefika. Hakukumbuka kubonyeza, ingawa alikuwa amebonyeza kila mara alipotazama kopo, na kila kutazama kulikuwa hatua. Sasa ilikuwa ubavuni mwake, jirani kabisa, nyeusi. *Ensio amesimama hapa,* maneno yalisema.

Raimo alinong'ona, "Sasa ndipo watu hupiga."

Lakini Hilkka hakuwa amefundishwa kupiga. Alikuwa amefundishwa jambo moja la kufanya pale ndugu wawili wanapokutana mlangoni, kabla ya kuvua koti, kabla ya lolote. Akaweka vidole juu ya kibao, na herufi kwa herufi akaanza kumwandikia salamu ya Mungu, ile wanayopeana waumini.

Herufi ya kwanza, ngao yake ikaanguka chini. Ya pili, akapiga teke ukuta. *Umeumia mguu,* maneno yalisema.

"Hilkka, unafanya nini?"

Hilkka hakusikia. Herufi iliyofuata ilimfanya aite kwa sauti kwenye pango tupu na mwangwi ukamrudia. Na iliyofuata hiyo ilikuwa amri ya kutumia kile alichobeba, na alichobeba kilikuwa mashine.

Raimo alimshika kifundo cha mkono. "Acha. Soma."

Chini ya kioo paliandikwa: *Hapa kuna mwili wa Ensio. Nisindike? N/H.*

Upepo ulipita nje, na vile vyuma vya darini bandani viligongana kidogo.

"Nikisema ndiyo?" Hilkka aliuliza.

"Linakuwa kopo kama makopo mengine. Itakuuliza jina la kuandika. Kisha unalibeba. Haliozi. Unaweza kumbeba mpaka chini kabisa, ukitaka. Na yeye," alionyesha ile nafasi tupu, "sijui atakwenda wapi. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo."

"Lakini swali mliandika."

"Swali aliandika yeye. Linauliza hivyo kwa kila mzoga, sungura au mfalme."

Hilkka alitazama lile N. Wakati wa mazishi walimharakisha, mvua ilikuwa inanyesha na mhubiri alikuwa na safari. Alikuwa hajashika hata mpini wa koleo. Hapa hakukuwa na mvua, wala mtu wa kumharakisha. Angeweza kukaa na kidole hewani mpaka mwisho wa dunia, kama alivyosema Raimo, na mdogo wake angekuwa ndani ya kopo salama, na jina lake juu. Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi, na urahisi huo ndio uliomwogopesha kuliko kile kiza kilichosimama ubavuni mwake.

"Mtu anazikwa," alisema. Akabonyeza H.

Swali likafutika. Raimo aliachia mkono wake, akatoa pumzi.

"Inatosha," alisema. "Twende zetu."

"Sijamaliza. Salamu ya Mungu haikatwi katikati."

"Utavunja mguu wa pili, mama we."

"Uvunjike."

Akabonyeza herufi iliyofuata. Na hiyo, kwa amri za Shimo, ilikuwa herufi ya kuinama na kutazama kilichoko chini ya mtu anaposimama. Kioo kikageuka cheusi chote, na orodha ikaanza kushuka kutoka juu.

*Chini ya mwili wa Ensio:*
*Kopo tupu. Ensio.*
*Kopo tupu. Ensio.*
*Kopo tupu. Ensio.*

Ilishuka mpaka ikajaza kioo, kisha ikauliza kama aendelee. Hilkka akaendelea, na kioo cha pili kikajaa vile vile. Raimo alikuwa anasoma kwa midomo bila sauti, jina lile lile, kama mtu anayesali.

"Alikuwa nayo," Hilkka alisema.

"Alikuwa nayo mengi kuliko ya watu wote."

"Akayala."

"Aliyala yote, Hilkka. Tazama. Hakuacha hata moja."

Hilkka alifumba macho. Aliviona vile vyombo kizingitini, lakini sasa aliviona jinsi vilivyokuwa hasa, siyo kwa uchungu alioviangalia nao. Supu ya samaki, na pembeni kijishimo kidogo ambamo kijiko kimepita mara moja. Viazi, na kimoja kimemegwa. Uji, na ukingoni alama ya ulimi wa kijiko. Kila chombo, kila siku. Alikuwa ameviona vijishimo hivyo alipokuwa akimwaga chakula, na alikasirika, akadhani ndugu yake anachezea chakula. Kumbe alikuwa anajaribu. Kila siku alifungua mdomo akajaribu, mpaka mwili haukuwa na mahali pa kuweka.

"Na haya ya watu angeweza kuyala," Raimo alisema, kama anayejieleza mwenyewe. "Hakuna ambaye angemwona. Angeishi wiki nyingine mle ndani. Lakini yana majina. Na mle mtu hana njia ya kumwachia mwenzake kitu isipokuwa afie pale kitu kilipo. Alijua hivyo. Alimaliza chake, akakaa na vyetu akingoja."

Hilkka aliitikia kwa kichwa. Nje giza lilikuwa limekamilika, na mwanga pekee wa chumba ulitoka kwenye herufi.

Baadaye aliuliza, "Langu nafunguaje?"

Raimo alimwonyesha. Kufungua kopo bila kisu kulichukua hatua nyingi, na kila hatua maneno yalisema *bado unahangaika na kifuniko,* na katika kila hatua ile nafasi tupu ingeweza kufanya neno, na Raimo alikuwa amekunja ngumi magotini. Haikufanya. Ilizunguka ikaja upande wake wa pili, ikarudi, ikasimama. Kopo likafunguka. Hilkka alifunga mikono akasema sala ya chakula kwa sauti, mbele ya kioo, na Raimo, ambaye hakuwa amesali mbele za watu tangu kipaimara, akavua kofia.

*Umekula. Umeshiba, Hilkka.*

Vidole vyake havikugusa kibao, na ndani ya Shimo hakuna kilichotembea. Mdogo wake alisimama ubavuni mwake na angeendelea kusimama. Kahawa ilipoa.

"Sikumuaga kaburini," Hilkka alisema. "Tunapoagana sisi tunatakiana amani ya Mungu, na hiyo anapewa aliye ndani ya imani. Elli alikuwa amesimama nyuma yangu, nikaogopa kuitoa."

"Elli hayuko hapa."

"Hayupo," Hilkka alisema. Akaegemea mbele, na safari hii hakuandika, alisema kwa mdomo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye mlangoni na koti lake tayari mwilini: "Amani ya Mungu, Ensio."

Kisha akauliza ngazi za kwenda ghorofa ya chini ziko upande gani. Raimo alimwonyesha, pembeni kabisa ya chumba. Hilkka alibonyeza vishale polepole, na mzigo wa mashine ulimfanya awe na mwendo mmoja na marehemu, hatua kwa hatua, nukta zikizimika na kuwaka nyuma yake. Walikwenda hivyo mpaka mdomoni mwa ngazi. Hapo Hilkka alipiga hatua ya mwisho, na nafasi tupu haikuja.

Raimo alisogeza miwani. "Huwa hawasimami," alisema kwa sauti ndogo. "Hilkka, sijawahi kuona. Huwa hawasimami."

Hilkka alitazama pale pasipo na nukta kwa kitambo. Kisha akabonyeza herufi ya kushuka.